MATOPE YA MLIMA SI KOSA LA MFANYA KAZI



Katika kurasa hizi tumezoea kusema juu ya mishahara, likizo na saa za kazi. Leo twasema juu ya matope. Wako watakaocheka na kuuliza kama Chama kimekosa habari za kuandika. Wacheke, lakini wasome mpaka mwisho, kwa maana jambo hili hugusa mfuko, afya na heshima ya kila mtu aendaye kazini kwa miguu.

Neno letu ni moja tu. Mwenye mlango ndiye apaswaye kuweka mbele ya mlango wake kifaa cha kuondolea matope. Kila mahali pa kazi, pawe ofisi, kituo cha maziwa, kiwanda cha kahawa, ghala, shule au hospitali, pawe na chuma cha kukwangulia soli, na maji karibu yake. Na pale ambapo vitu hivyo havipo, asilaumiwe wala asikatwe hata senti moja yule aliyeingia na matope.

MATOPE YATOKA WAPI

Sisi wa Kapsokwony twakaa ubavuni mwa Mlima Elgon. Mlima huu una kimo cha mita 4,321, na zamani sana ulikuwa volkano. Mawe yake yaliliwa na mvua na jua kwa miaka isiyohesabika mpaka yakawa udongo mwekundu. Udongo huo ndio utajiri wetu: hutupa mahindi, viazi, vitunguu na kahawa. Lakini chembe zake ni ndogo mno kupita za mchanga, nazo hushika maji na hushikana zenyewe kwa zenyewe. Mvua ikinyesha hugeuka kama ulimbo. Mtu hupiga hatua ishirini, na soli yake imekwisha ongezeka unene. Apiga mia, na mguu umekuwa mzito kama umefungiwa tofali. Tena njia zetu ni za mteremko, na soli iliyojaa matope haina meno ya kushika chini.

Mtu asituambie tungoje lami. Lami ni jambo jema na twaitaka, lakini lami hufika barabara kuu. Mfanya kazi hakai kando ya barabara kuu. Akaa kule juu au kule bondeni, na kati ya mlango wake na lami kuna kijia cha ng'ombe. Hata kijia chote kikipigwa lami, yule apaliliaye viazi au avunaye kahawa atatoka shambani na matope yake vile vile.

Sasa tazameni mlangoni asubuhi ya mvua. Bwana aliyekuja kwa gari ashuka penye kokoto, na soli zake ni kavu. Mama aliyetembea saa nzima amefika na matope mpaka vifundoni. Wote wawili wamekuja kazini, na wote wamewahi. Lakini mmoja aitwa msafi na mwingine aitwa mchafu. Je, tofauti yao ni tabia? Hapana. Tofauti yao ni nauli.

NOTISI BILA CHUMA

Kuna mahali pamoja pa kazi hapa mlimani, ambapo hatutapataja jina, palipobandikwa karatasi mlangoni: NI MARUFUKU KUINGIA NA MATOPE. Karatasi ilikuwa nzuri, imepigwa chapa na kutiwa muhuri. Lakini ukitazama chini ya karatasi hukuona chuma, wala brashi, wala gunia, wala mfereji wa maji. Kulikuwa na ngazi ya simiti tu, ambayo pembe yake imemeguka kwa sababu kila mtu hukwangulia hapo.

Basi watu walifanyaje? Wengine walivua viatu wakaingia bila viatu, wakasimama juu ya simiti ya baridi mchana kutwa. Wengine walikata vijiti uani wakakwangua, na vijiti na matope vikabaki mlangoni. Wengine waliingia hivyo hivyo wakaandikiwa barua za onyo. Na mama wa usafi, ambaye ni kibarua wa siku, alipiga deki mara nne kabla ya saa sita, na kila mara sakafu ilichafuka kabla haijakauka. Jioni alilipwa kama siku ya jua.

Notisi ya namna hii, tukiisoma vizuri, haisemi habari za matope. Yasema: Ni marufuku kuja kwa miguu. Na mkuu wa kazi akitaka watu wasije kwa miguu, basi na alete gari la kuwabeba, au aongeze posho ya nauli. Kama hawezi hayo, na aweke chuma.

HASARA ZAKE NI TATU

Hasara ya kwanza ni ya yule afagiaye. Matope yaliyoingia ndani hayatoki yenyewe. Yakikanyagwa yakiwa mabichi huenea. Yakikauka huwa vumbi, na vumbi hilo huingia katika makaratasi, katika maziwa na katika vifua vya watu. Sakafu iliyopigwa deki juu ya matope huteleza kama sabuni. Mtu akianguka akavunjika mkono kazini, hiyo ni ajali ya kazi, na Sheria ya Fidia ya Ajali Kazini ya mwaka 2007 yamhusu. Kipande cha chuma mlangoni ni rahisi kuliko mkono wa mtu.

Hasara ya pili ni ya miguu yenyewe. Hapa twaomba msomaji atulie, kwa sababu jambo hili wengi hawajalisikia. Uko ugonjwa wa kuvimba miguu unaofanana na matende, lakini hauletwi na mbu wala na mdudu ye yote, wala si uchawi, wala hauambukizi. Waganga wauita podokoniosisi, jina litokalo katika maneno ya Kigiriki ya mguu na vumbi. Daktari Ernest Price, Mwingereza aliyefanya kazi Ethiopia kwa miaka mingi, ndiye aliyeupa jina hilo. Huwapata watu waliokanyaga udongo mwekundu wa volkano kwa miaka mingi bila viatu. Chembe ndogo za udongo huo hupenya ngozi ya unyayo, huingia katika mishipa ya limfu, na kidogo kidogo mguu huvimba. Mlima wetu umo katika nchi za udongo wa namna hiyo: mwaka 2001 watafiti walichapisha habari za ugonjwa huu katika wilaya ya Kapchorwa, upande wa Uganda wa mlima huu huu. Udongo hauna pasipoti.

Kinga yake si ngumu: kuvaa viatu, na kuosha miguu kila siku kwa maji na sabuni. Hatusemi kwamba chuma cha mlangoni ni dawa. Twasema hivi: mahali ambapo watu huambiwa wavue viatu kwa sababu ya matope, hapo watu wanafukuzwa kutoka katika kinga yao. Na mahali penye chuma na mfereji, mtu hukwangua soli, huosha miguu, huvaa tena viatu vyake, akafanya kazi kama binadamu. Tena viatu vyake hudumu. Matope yakikaukia katika kiatu hula ngozi na kuachisha gundi, na mwenyewe akikianika karibu na moto kikauke upesi hupasuka. Kiatu cha mitumba kilichonunuliwa Chwele au Kimilili kwa jasho hakipaswi kufa katika mvua ya msimu mmoja.

Hasara ya tatu ni ya mashamba. Wakulima wa viazi waujua mnyauko, ule ugonjwa ambao mmea hulegea ungali mbichi, na kiazi kikikatwa hutoa maji mazito kama maziwa. Vidudu vyake hukaa katika udongo. Huenezwa zaidi na mbegu mbaya, lakini pia huchukuliwa na maji yatiririkayo, na udongo ulioshika katika majembe na katika soli za viatu. Kibarua apaliliaye shamba hili leo na lile kesho aweza kuubeba mguuni bila kujua. Mwenye shamba anayeona ghali kuweka chuma langoni na ahesabu magunia yake.

SHERIA YASEMAJE

Mambo haya si ya kuombwa kama sadaka. Sheria ya Viwanda ilianza kutumika Kenya mwaka 1951, na mwaka 1990 ikapanuliwa ishike mahali pengine pa kazi pasipokuwa viwanda. Baadaye ikaja Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, ambayo ndiyo tunayo sasa. Sheria hii yataka mahali pa kazi pawe safi, na uchafu uondolewe kila siku katika sakafu, ngazi na njia za kupitia. Yataka pawe na mahali pa kunawia panapofikika kwa urahisi. Na mahali ambapo kazi yenyewe humweka mtu katika maji au katika vitu vya kudhuru, yamwamuru mwajiri atoe mavazi ya kujikinga, pamoja na viatu inapohitajiwa. Basi wale waoshao kahawa au wafanyao kazi katika maji kutwa wasiambiwe wajinunulie gambuti.

Angalieni kwamba sheria haikusema uchafu uondolewe na kibarua mmoja mwenye tambara. Imemwekea mwenye mahali wajibu wa kupaweka safi, na mwenye akili ataona ni rahisi kuyazuia matope nje kuliko kuyafukuza ndani.

Juu ya kukatwa mishahara, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 imeyataja makato yanayoruhusiwa. Matope ya soli hayamo. Na Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 41, yampa kila mfanya kazi haki ya kuwa na hali nzuri ya kazi, na yakipa chama cha wafanya kazi haki ya kupatana na waajiri kwa niaba ya watu wake. Chuma cha mlangoni ni hali ya kazi. Kwa hiyo chaweza kuwekwa katika mapatano kama vile saa za kazi zinavyowekwa.

CHUMA CHENYEWE NI KITU GANI

Kifaa hiki si kigeni duniani. Miji ya Ulaya ilipokuwa na njia za matope na mavi ya farasi, watu waliweka vyuma vya kukwangulia viatu kando ya milango yao. Hata leo ukienda Edinburgh au Brussels utaviona bado vimesimama katika kuta za nyumba za zamani, ingawa njia zimekwisha kupigwa mawe na lami. Na hapa kwetu wazee hawakungoja Ulaya. Wengi walichukua jembe kuukuu, wakalizika mpini chini, ukingo ukatokeza juu mbele ya mlango. Jembe lile lililochoka shambani likapata kazi nyumbani.

Fundi ye yote wa jua kali ajuaye kuchomelea aweza kukitengeneza kwa muda mfupi. Wanaotaka kukiagiza wazingatie haya:

(1) Ubapa wa chuma uwe na urefu wa kama sentimita 30, ili hata gambuti kubwa lipite. Kipande cha springi ya gari kuukuu chafaa. Ukingo wake uwe mwembamba lakini usiwe mkali kama panga, usije ukakata soli au mguu wa mtoto.

(2) Usimame kama sentimita 12 juu ya ardhi. Ukiwa chini zaidi, matope yaliyoanguka hujaa chini yake na kukifunika. Ukiwa juu sana, wazee huona taabu kuinua mguu.

(3) Miguu yake ifungwe katika simiti, chini kabisa, na nondo ipitishwe kwa upana. Hii ni kwa ajili ya uimara, na pia kwa ajili ya wale wapendao kupeleka vyuma vya watu kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

(4) Pembeni pawe na mti au bomba la kushikia. Mtu asimamaye kwa mguu mmoja juu ya utelezi ahitaji mkono wake upate mahali.

(5) Kikae kando ya njia ya kuingilia, si katikati, watu wasijikwae usiku.

Baada ya chuma lifuate brashi gumu la kusugua kando za kiatu, kisha maji, kisha gunia au mkeka wa makumbi ya nazi wa kupangusia. Utaratibu huo usigeuzwe. Maji yakitangulia, matope huwa uji na kutapakaa. Brashi likitangulia, nyuzi zake hujaa na kesho halifai. Chuma kwanza, kwa sababu chuma ndicho kiondoacho lile tonge kubwa. Vivyo hivyo kwa wale wenye beseni za dawa langoni mwa mifugo: dawa haipenyi katika tonge la matope, bali hupoteza nguvu yake humo. Kukanyaga dawa na soli chafu ni kupoteza dawa.

WASEMAO HAPANA

Tumesikia maneno manne, na tutayajibu upesi.

Wa kwanza wasema ni gharama. Twajibu: hesabuni ubapa mmoja, mfuko wa simiti usiokwisha, na nusu siku ya fundi. Halafu hesabuni sabuni, matambara na saa za kupiga deki katika msimu mzima wa mvua. Mwenye kujua hesabu atakwenda kwa fundi leo.

Wa pili wasema vitaibwa. Twajibu kwamba kufuli pia huibwa, wala hakuna aliyeacha mlango wazi kwa sababu hiyo. Kama mahali ni pa hatari sana, na wajenge ukingo wa jiwe gumu au gogo la mti mgumu lililochongwa. Hakuna anunuaye gogo kwa kilo.

Wa tatu ni baadhi ya ndugu zetu wenyewe. Wasema, Chama na kidai mshahara kwanza, vyuma baadaye. Twajibu: mshahara twaudai na hatuachi. Lakini mapatano ya mshahara huchukua miezi, na chuma huchukua siku moja. Chama kisichoweza kupata chuma mlangoni kitapataje nyongeza mezani? Wafanya kazi wakikiona kitu walichokidai kimesimama katika simiti, kila asubuhi wakikikanyaga, watajua kwamba umoja wao si maneno matupu.

Wa nne wasema mfanya kazi na aje msafi kutoka kwake. Hao twawakaribisha watembee nasi asubuhi moja ya mwezi wa nne, kutoka Kaptama mpaka Kapsokwony, halafu watuonyeshe soli zao.

TUNAYOYATAKA

Kwa hiyo twashauri kila tawi lipeleke madai haya kwa mkuu wa kazi, kwa maandishi, na kuweka nakala:

(1) Kila mlango utumiwao na wafanya kazi na wananchi uwe na chuma cha kukwangulia, brashi na kitu cha kupangusia, kabla ya mvua kubwa kuanza. Mlango wa nyuma usisahauliwe, kwa maana huko ndiko vibarua huingilia.

(2) Pawe na mfereji, au tangi la maji ya mvua, na sabuni, karibu na mlango.

(3) Asiwepo mtu atakayelazimishwa kufanya kazi bila viatu.

(4) Barua za onyo juu ya matope zilizoandikwa mahali pasipokuwa na chuma zifutwe.

(5) Siku za mvua wafagiaji waongezwe, au yule aliyepo alipwe saa zake za ziada.

(6) Mahali penye watu ishirini au zaidi, sheria yataka pawe na kamati ya usalama na afya. Jambo hili na liandikwe katika mkutano wake wa kwanza, na mama wa usafi awe mjumbe, kwa maana yeye ajua habari za sakafu kuliko sisi sote.

NA SISI JE?

Haki ina mwenzake, naye ni wajibu. Chuma kikiisha kuwekwa, tukitumie. Mtu akikipita na kuingia na matope yake kwa uvivu, huyo hamtii hasara mwajiri. Amtia taabu mama yule mwenye tambara, ambaye ni mwanachama mwenzake. Tena matope yaliyokwanguliwa hujaa chini ya chuma, basi kila tawi na lichague zamu ya kuyazoa kwa beleshi na kuyarudisha shambani. Udongo ule ni mzuri. Kosa lake ni kuwa mahali pasipo pake.

Ndugu, mvua haitaacha kunyesha Elgon, wala hatuombi iache, kwa maana bila mvua hatuli. Udongo utaendelea kushika miguuni mwa wote waulimao. Tunaloomba ni dogo: mtu aliyetembea kwa miguu yake kuja kujenga nchi asisimamishwe mlangoni kama mwizi, na huku kipande cha chuma kingemaliza shauri. Matawi yatakayopata chuma na yatuletee habari tuzichape humu, ili mengine yapate nguvu.

Umoja ni nguvu.